Unatafuta punda mpole na hujawahi kushika punda? Usikimbilie mnadani

Siku hizi huku Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na kuelekea Magu watu wengi waliohamia kutoka mjini wananiuliza kitu kimoja, nitampata wapi punda mpole wa kunivutia mkokoteni, mimi mtu mzima sijawahi kushika hata kamba ya punda. Wengine wastaafu wamenunua majaruba ya mpunga, wengine akina mama wanajenga wamechoka kulipia kila tripu ya maji na mchanga. Na karibu wote wameshapanga, wataenda mnadani Misungwi au Magu, watachagua mmoja aliyetulia, jioni warudi naye. Mi nasema tulia kwanza.

Shida ni kwamba mnadani karibu punda wote ni wapole. Ametembezwa tangu alfajiri, maji hajanywa, jua la saa sita liko kichwani, ng'ombe wanalia huku na wanunuzi wanapiga kelele kule, amesimama kichwa chini masikio yamelala pembeni, halafu dalali anampiga kofi la mgongo anakusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, huyu hata mtoto anamwendesha. Na hadanganyi, siku hiyo hata mtoto anamwendesha kweli. Mpeleke nyumbani ale wiki mbili tatu anywe maji ashibe, hapo ndo utajua umenunua nani.

Kuna mbaya zaidi ya uchovu, nao ni ugonjwa. Punda anaficha maumivu kuliko mnyama yeyote niliyefuga. Tumbo linamkata na yeye kasimama tu kimya, hagaragari, halalamiki, mtu asiyemjua anasema huyu katulia vizuri. Kwa hiyo ukimkuta punda aliyepooza usifurahi, muulize maswali mwilini mwake. Anza na masikio: punda mpole mwenye afya masikio hayatulii, moja liko kwako lingine liko kwenye bodaboda inayopita barabarani, yaani anajua kila kinachoendelea ila hakimsumbui. Huo ndo upole. Mpe majani uone, akiyanusa akaacha wewe ondoka, punda mzima hakatai majani mazuri. Angalia mavi yake, yawe mabonge mabonge siyo uji. Angalia kwato zisiwe ndefu zimepinda mbele. Pitisha mkono mgongoni na mabegani, ukiona mabaka ya manyoya meupe ujue pale palikuwa na kidonda kikapona, manyoya yakaota meupe. Baka moja mawili si neno, huyo ni punda wa kazi, lakini kama mgongo mzima umejaa na ukimgusa anabonyea chini au ananyanyua mguu wa nyuma, huyo ameshajua kwamba matandiko yakija na maumivu yanakuja, na wewe unayeanza huna mikono ya kumfundisha vinginevyo.

Sasa utampata wapi? Nyumbani kwake. Ulizia vijijini, muulize bwana mifugo wa kata, waulize wanaouza maji kwa mkokoteni, hao wanajua kila punda wa eneo lao na tabia zake mpaka ya nani anang'ata. Ukipata fununu nenda wakati hawajakutegemea, na uende wakati wa kazi. Unachotaka kuona ni namna anavyokamatwa: je anamfuata mwenye punda au wanamkimbiza shamba zima na fimbo? Muombe mwenyewe amfunge, amvishe matandiko, anyanyue kwato zote nne mbele yako, amfunge kwenye mkokoteni, amwendeshe. Yeye kwanza. Akianza visingizio, oh leo hajazoea wageni, oh kwato huyu hapendi, we mshukuru mzee wa watu uage. Akimaliza yeye ndo ushike kamba mwenyewe.

Halafu mpeleke barabarani. Sisi huku barabara ya Musoma inatupitia mlangoni, malori, daladala, honi, na punda ambaye amekulia majarubani ndani kabisa anaweza kuwa malaika kijijini na akikutana na lori la mchanga akakupeleka mtaroni. Mpitishe pia kwenye dimbwi au kalavati. Hapo wengi wanasimama, na watu wanasema mbishi. Siyo ubishi. Farasi akiogopa anakimbia, punda akiogopa anasimama afikirie, na kwa mtu anayejifunza huyo anayesimama ni neema, kwa sababu mkokoteni uliosimama haujawahi kuvunja mtu mguu. Cha kuangalia ni baada ya kusimama: ukimpa dakika, ukimsemesha, ukatangulia wewe, je anakuja? Akija, nunua huyo.

Umri nao watu wanakosea sana, wanataka mdogo ili adumu. Punda anayetunzwa anafika miaka 25, wengine 30 na zaidi, kwa hiyo wa miaka 8 au 10 bado ana maisha marefu na barabara ameshaijua. Mdogo na wewe mgeni, nani atamfundisha mwenzake? Fungua mdomo uangalie meno ya mbele. Ya kati ya utoto yanabadilika kama kwenye miaka 2 na nusu, yanayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu, akifika 5 yote ni ya ukubwa. Ukiambiwa ana miaka saba na pembeni bado kuna kijino cha utoto, basi na mengine aliyokwambia yapime upya.

Dume asiyehasiwa usiguse, akisikia harufu ya jike hata uwe na kamba ya meli. Dume aliyehasiwa ndo chaguo langu la kwanza. Jike ni mzuri pia, ila kila wiki tatu hivi kuna siku kadhaa akili haipo kazini, na anaweza kuwa na mimba muuzaji mwenyewe hajui maana wanabeba karibu mwaka mzima.

Kuhusu kumpanda, maana hili nalo mnaniuliza hasa nyie vijana wa kupiga picha ufukweni. Punda wetu wa huku ni wadogo, wengi kilo 120 mpaka 150 tu, mzigo wa mgongoni ukipita theluthi ya uzito wake unamuumiza. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, hapo umeshafika. Wewe una kilo 75, kaa kwenye mkokoteni. Na huo mkokoteni usimfunge nira ya ng'ombe, ng'ombe anasukuma kwa nundu, punda anavuta kwa kifua, anataka mkanda mpana wa kifuani na mwingine wa kupita nyuma ya mapaja ili mkishuka mlima (na Mwanza ukitoka tu unashuka mlima) mkokoteni usimgonge miguu. Punda wengi wanaoitwa wakorofi wanagongwa na mkokoteni kila siku, basi. Ule msemo wa shukrani ya punda ni mateke naona waliotunga walikuwa wanamsogelea kwa nyuma bila kumsemesha. Nenda kwa upande wa bega, ongea naye, mguse shingo kwanza.

Karatasi, fupi tu. Usinunue bila mtendaji wa kijiji kumtambua muuzaji na punda wake kwa maandishi, na ukivuka wilaya chukua kibali cha kusafirisha mifugo. Wizi wa punda ulitutesa sana kanda hii kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezewa dawa, Shinyanga hapo kulikuwa na kiwanda cha kuwachinja. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo wa ngozi 2022 na Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2024 kwa miaka 15, ila punda wa magendo bado ukikamatwa naye utajieleza wewe, siyo dalali. Kwenye hayo maandishi omba pia wiki moja ya kumjaribu, asipokufaa anarudi. Muuzaji anayemwamini punda wake hakatai.

Jambo la mwisho ambalo watu wanaliona dogo. Punda ana rafiki. Ukifika uliza huyu huwa analala na nani, analisha na nani, kwa sababu ukimtenganisha yule mpole uliyemwona jana anaweza kulia usiku kucha, akagoma kula, akawa anakata kamba kurudi alikotoka, halafu wewe utasema umeuziwa kichaa. Pesa ikitosha chukua wote wawili. Isipotosha tafuta anayetoka nyumba yenye punda mmoja tu, au mpeleke kwa jirani mwenye punda wawe wanalisha pamoja mchana, na siku za mwanzo asivute chochote, mlishe wewe mwenyewe kwa mkono wako, mzungushe mtaani bila mzigo, ajue njia ya kisimani na sauti yako ndo umfunge mkokoteni mtupu.