Mwanangu, kadi ya ghala usiilipie kwanza

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jikoni asubuhi, nikamsomea na baba yako, akacheka mpaka chai ikampalia. Unauliza mambo mawili. La kwanza, ulipe dola 65 za mwaka ujiunge na Costco, lile duka la ghala linalouzia wenye kadi tu, vitu vya jumla, huko Chicago, au uache. La pili, nadhani ndilo lililokukaa moyoni siku nyingi: mbona mimi na baba yako tulikuwa tukirudi ghalani Jumamosi tumenuniana, na Jumamosi ya pili yake tunatoka tena?

La kwanza, usilipe. Wewe ni mtu mmoja, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Hesabu yake nitakupa chini. Nianze na hilo la pili, maana hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukwambia.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi, Tanga. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni imeadimika, unga hivyo hivyo. Foleni tukiipanga alfajiri. Aliyechoka aliweka jiwe mahali pake akarudi kulala, na jiwe liliheshimiwa kama mtu. Mjumbe wa nyumba kumi alijua kila nyumba ina midomo mingapi. Mwaka huo, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaingiwa na hofu ya kukutwa na bidhaa nyingi ndani. Asubuhi moja tukienda shule tulikuta miche ya sabuni kwenye mtaro, imetupwa usiku, maji ya mtaro yanatoa povu. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni! Bibi yako alitushika mikono, akatuvusha upande wa pili wa barabara kama vile tumeona nyoka.

Mwaka huohuo, mwanangu, Aprili, Sam's Club, duka jingine la ghala, ikafungua duka lake la kwanza huko Oklahoma, na Septemba Costco ikafungua la kwanza Seattle. Kwetu mtu anatupa katoni asionekane nayo, huku mtu analipa ada ili aruhusiwe kununua katoni. Sasa chukua mtoto wa mtaro ule, mkuze, mlete Columbus, Ohio, mwaka 2001, umsimamishe mbele ya sabuni zilizopangwa mpaka karibu na paa.

Nilisimama pale nisiweze kuondoka. Baba yako ananiita, "Twende, tumekuja kununua maziwa." Nikatoka na sabuni ya mwaka mzima. Tulikuwa na vyumba viwili tu, wewe unalala kwetu, kwa hiyo sabuni ikaenda uvunguni. Baba yako alinuna siku mbili. Mimi nililala fofofo.

Basi huo ndio ulikuwa ugomvi wetu wa kila wiki, sura tu ndiyo ilikuwa ikibadilika. Mchicha wa mfuko mkubwa ulioanza kutoa maji kabla hatujafika nusu. Mayonezi ya ndoo, katika nyumba ambayo hakuna anayeila ila wewe. Na lile hema la watu sita! Bado limo gerejini, halijafunguliwa mpaka leo. Hilo, tuseme kweli, lilikuwa la baba yako, na nikimkumbusha anasema bei yake ilikuwa "ya kutupwa". Bei ya kutupwa ndiyo iliyotuponza siku zote.

Maduka haya hayana uchawi, lakini yana akili. Mzee mmoja, Sol Price, alifungua Price Club mwaka 1976 huko San Diego, ndani ya hanga kuukuu la ndege, mwanzoni kwa wenye biashara tu. Baadaye, mwaka 1993, duka lake likaungana na Costco. Duka la vyakula la kawaida lina bidhaa za aina makumi elfu. Costco wana kama 4,000 tu. Wakiamua kuweka ketchup, wanaweka ya aina moja au mbili, wananunua kwa wingi wa kutisha, inakaa palepale kwenye mbao iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Juu ya bei waliyonunulia hawaongezi zaidi ya asilimia 14, na 15 kwa zile zenye chapa yao ya Kirkland. Faida yao kubwa iko kwenye ada za kadi. Kwa hiyo siku unalipa dola 65 zako, biashara yao na wewe karibu imekwisha. Kuzirudisha hizo hela ni kazi yako, na njia ya kuzirudisha ni kununua.

Ndiyo maana kuku wa kuchoma wa dola 4.99 anawekwa nyuma kabisa. Unamfuata kuku, unapita televisheni, unapita magurudumu ya gari, unapita koti ambalo wiki ijayo halitakuwepo. Hilo la kutokuwepo ndilo lililokuwa likinimaliza mimi. Lile tui la nazi la kopo, zito, la kupikia maharage, tulilipata miaka miwili hapo ghalani kwetu, halafu Jumamosi moja mahali pake pamewekwa mishumaa. Ukimuuliza mfanyakazi anakutazama kama umemwuliza habari za marehemu. Tangu hapo nikiona kitu kizuri nanunua mara mbili, na baba yako ananuna mara mbili.

Halafu mlango wa kutokea. Umeshalipa, aliyekupokea hela anakuona kwa macho, hatua kumi mbele unasimamishwa tena uoneshe risiti. Wanasimamishwa wote, mzungu, mhindi, nani, lakini baba yako miaka ile ya mwanzo alikuwa akilichukulia vibaya sana. "Nimelipa, bado naonekana mwizi?" Alikuwa akinipa mimi risiti, yeye anatangulia kwenye gari. Siku moja mama wa mlangoni akaona sabuni ya nguo tumelipishwa mara mbili, akatuelekeza dawatini turudishiwe dola 20. Akamchorea na mtoto uso unaocheka nyuma ya risiti kwa kalamu nene. Mtoto huyo ni wewe. Ulikataa kuitoa mkononi, ukalala nayo mpaka wino ukaingia kwenye foronya. Baba yako kuanzia hapo risiti alikuwa akiionesha mwenyewe.

Kilichotuokoa kilikuja baadaye, na unakikumbuka ingawa pengine hukujua ni nini. Mama Rehema na yule shemeji wa Mombasa walikuwa wakija Jumamosi jioni. Mwenye kadi mmoja, nyumba tatu. Tulitandika turubai gerejini, vitunguu tunavimwaga, mzani wa jikoni katikati, kila mtu na beseni lake. Mchele tunaupima kwa bakuli, nyama tunaikata tunaitia kwenye mifuko midogo ya friza. Mafuta ya kupikia nilikuwa nikiyamimina mimi, kwa upawa, kwenye chupa za maji zilizooshwa, na Mama Rehema akisimama juu yangu, "Ongeza basi, mwenye duka, usinipunje!" Tumevuka bahari, tumelipa ada, tumenunua kwa jumla, tunaishia kuuziana mafuta ya kupima sakafuni kama dukani kwa Mangi. Tulikuwa tukicheka mpaka jirani anachungulia.

Mwaka huo hakikuoza kitu. Na baba yako akaacha kununa, isipokuwa kwa hema, akikumbushwa.

Sasa hesabu yako. Tuseme kwenye kila gunia la mchele la ratili 20 unaokoa dola tano. Utahitaji magunia 13 kwa mwaka ili ada irudi. Wewe, na hicho kichupa chako cha pilipili na mkate, humalizi hata manne. Kuna na kadi ya juu, ya dola 130, inayokurudishia asilimia mbili ya manunuzi. Ili ile 65 ya ziada irudi lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka. Usithubutu. Petroli yao ni rahisi kweli, lakini wewe unapanda treni.

Ukitaka, mtafute mwenzako kazini mwenye kadi, nenda naye mara moja kwa mwezi, alipe yeye umrudishie nusu, mgawane palepale kwenye gari kabla ya kuachana. Usikubali kwenda mwisho wa wiki saa sita mchana. Kuegesha tu kutakutoa machozi. Kula kwanza ndipo uende, na ukifika penye vitu vya msimu tazama sakafu.

Siku ukiwa na nyumba yenye watoto watatu na wifi zako wawili wasiojua kuaga, niandikie tena, jibu langu litakuwa jingine.

Hapa tumekuwekea sabuni, mchele nusu gunia na karatasi za chooni ambazo hata sijui tulizinunua lini. Baba yako anasema ukija Novemba uje na chupa tupu mbili, mafuta atakupimia yeye, na hema kama una pa kuliweka ni lako.

Mama yako