Re: Maabara ya kemia imegongana na kozi ya ualimu, niende wapi?

Habari ndugu. Umeuliza: unasoma BSc na Elimu, maabara ya kemia na semina ya mbinu za kufundishia zimeangukia Jumatano saa 8 mchana, na kila upande unakurudisha kwa mwenzake.

Kwanza angalia namba za kozi, ujue kila kozi iko chini ya nani. Mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kemia iko chini ya ndaki (kitengo kikubwa chenye idara kadhaa) ya sayansi, mbinu za kufundishia ziko Shule Kuu ya Elimu. Kila upande una mratibu wake wa ratiba. Kwa hiyo ukilalamika upande mmoja tu, mwingine hautajua.

Omba semina ihamishwe, usihangaike na maabara. Meza, kemikali na fundi wa maabara vimepangiwa madarasa mengine wiki nzima, wakati semina huwa na makundi kadhaa na mara nyingi kuhama kundi kunatosha. Ukikosa nafasi, ndipo semina yenyewe iombewe muda mwingine.

Andikeni barua moja kwa waratibu wote wawili: namba za kozi, siku, saa, chumba, na orodha ya wote wa kemia mlioathirika pamoja na namba zenu za usajili. Barua ya mtu mmoja huchukuliwa kama shida binafsi. Bandikeni na picha ya ratiba, vile visanduku viwili vimezungushiwa duara.

Usiiondoe kozi ya ualimu kungoja mwakani! Nyingi hutakiwa kabla ya mazoezi ya kufundisha, na ukichelewa hapo unaweza kuchelewa kuhitimu. Wahi kabla dirisha la usajili halijafungwa.