Maswali yenu: ng'ombe barabarani na nchi inayoitwa jangwa

Makala yangu kuhusu malisho ya Kajiado yameniletea barua nyingi. Leo najibu nne.

Mwalimu, kila kiangazi kikali ng'ombe huingia hadi Lang'ata kula nyasi za kando ya barabara. Kwa nini wafugaji wasilazimishwe kupunguza mifugo? (Baba Wambui, Kitengela)

Baba Wambui, walishalazimishwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamini kila ardhi ina idadi yake ya mifugo, na kwamba Ukambani ulikuwa umeipita. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wakamba wakatembea kutoka Machakos hadi hapa Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini amri ile ikafutwa. Barabara yenye jina lake iko katikati ya jiji.

Hesabu ile ya mifugo kwa ekari ilitoka nchi ambako mvua ya mwaka huu hukaribiana na ya mwaka jana. Turkana si hivyo. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift, baada ya utafiti wa miaka mingi kusini mwa Turkana, walionyesha kwamba huko ukame huua mifugo kabla haijafikia idadi ya kumaliza malisho. Nyasi nyingi za tambarare zile huota, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja. Mbegu hulala mchangani, hakuna mdomo wa ng'ombe unaozifikia, na mvua ikinyesha zinaamka. Mvua yenyewe hunyesha bonde hili ikaliacha lile. Anayeishi nayo hana budi kuifuata, na kule kuhama ndiko kutunza malisho.

Sisemi mifugo haiharibu. Sehemu zenye mvua ya kutegemeka zaidi, kama baadhi ya Narok, nyasi ni za kudumu, na zikiliwa mfululizo bila kupumzishwa mizizi hufa. Ila ng'ombe uliowaona Lang'ata wamefika huko pia kwa sababu njia zao zimejaa seng'enge. Sheria ya 1968 iliruhusu ardhi ya wafugaji isajiliwe kama ranchi za vikundi. Baadaye nyingi zikakatwa viwanja, na Kitengela unakoishi ni mojawapo. Jambo hili linaniuma sana: tumeziba njia, kisha tunamlaumu anayetafuta pa kupita.

Shuleni tunasoma kwamba Sahara inasonga kusini kila mwaka. Ni kweli? (Mwanafunzi, Kahawa)

Hofu hiyo ilikolezwa na ukame wa Saheli, ule ukanda ulio kusini mwa Sahara, hata Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano kuhusu kuenea kwa jangwa papa hapa Nairobi mwaka 1977. Baadaye picha za setilaiti zilionyesha ukingo wa jangwa ukisogea mvua inapokosekana na kurudi nyuma inaponyesha. Uharibifu upo, ila hutokea kama mabaka: kandokando ya visima vya pampu, pembeni mwa vituo vya kugawia chakula, penye miti iliyokatwa kwa makaa. Ukimuuliza mchungaji atakuonyesha baka lilipo na lilianza lini.

Kampuni yetu inataka kupeleka miche Baringo. Mti upi unavumilia ukame? (Achieng, Upper Hill)

Dada, waulizeni kwanza wenyeji kuhusu mti uitwao mathenge. Uliletwa miaka ya 1980 kwa nia njema kama yenu, uzuie upepo na kutoa kuni. Ukasambaa ukameza malisho ya Marigat, huko huko Baringo. Maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, hadi wanakijiji wakamleta Nairobi mbuzi kibogoyo ili mahakama ijionee. Nimewahi kumfungua mbuzi wa huko kinywa: ufizi wa chini mtupu mbele, jani likimdondoka kila akijaribu kulivuta. Fedha zenu zisaidieni jamii kulinda migunga iliyopo.

Nina ekari tano Makueni. Udongo umekuwa mgumu kama sakafu, hauoti kitu. Niuze? (Mama Mutua, Embakasi)

Mama, usiuze. Vilima vya Machakos maofisa wa miaka ya 1930 walivikatia tamaa kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta vimejaa matuta ya fanya juu, yaani mtaro unachimbwa na udongo wake kutupwa upande wa juu, mmomonyoko umepungua, ilhali watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano.

Kabla ya mvua za Oktoba, vunja ule ugumu kwa sururu. Chimba matuta ya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu ya mteremko ili maji yanayoteremka yanaswe ndani. Mwaga humo mbegu za mbeetwa na ndata kivumbu, nyasi za huko huko kwenu, kisha zifunike kwa udongo kidogo tu, maana ukizifukia sana hazitoki. Mbuzi wasiguse hapo mpaka nyasi zimwage mbegu zake zenyewe. Majirani watakusihi uwaruhusu mbuzi wao mapema, hasa kiangazi kikibana. Wakatie nyasi, wabebe.