Mtaro Huu Ni wa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpangaji katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam ulio kandokando ya bonde la mto Msimbazi. Mtaro unaopita mbele ya nyumba yetu umejaa mchanga, mifuko na makumbi ya madafu, na kila masika maji huingia hadi sebuleni. Mara ya mwisho tulilala wiki nzima kitanda kikiwa juu ya matofali. Ada ya taka tunalipa kila mwezi na stakabadhi ninazo. Ofisi ya kwanza iliniambia mtaro si wao, ya pili ikasema tatizo ni taka na wala si mtaro, ya tatu ikanitaka nirudi na barua ya mtaa. Je, mtaro ni wa nani hasa? Na serikali ya mtaa ipo kwa ajili ya kutugongea mihuri ya barua za utambulisho tu?
Mpangaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa adha hiyo. Yawezekana kila ofisi uliyoiendea ilisema kweli kwa upande wake, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Mtaro ulio pembeni mwa barabara huhesabiwa kuwa sehemu ya barabara hiyo. Ikiwa barabara yenu ni ya mtaani, mwenye dhamana ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017 na kukabidhiwa kazi ambayo hapo awali ilikuwa mikononi mwa wahandisi wa halmashauri. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Taka, hata zikiwa zimelala ndani ya mtaro huohuo, ni jukumu la halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nayo halmashauri huigawa kazi hiyo kwa wazabuni wanaopita mitaani na gari au mkokoteni. Mzabuni kwa kawaida huchukua kiroba alichokikuta mlangoni. Mchanga na mifuko iliyokwisha kuzama mtaroni hakuna anayeihesabu kuwa yake. Tuongeze, tena bila kuoneana haya, wale majirani wanaotapisha vyoo mvua inapoanza kunyesha, na utaona kwamba mtaro mmoja unabeba kazi za ofisi tatu na makosa ya nyumba thelathini.

Lipo pia jambo ambalo hakuna mkurugenzi awezaye kuliamuru. Msimbazi humwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander, na mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hukosa pa kwendea yakarudi nyuma bondeni. Siku kama hiyo hata mtaro uliozibuliwa jana hausaidii sana, na ndiyo sababu baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, Serikali iliwahamisha baadhi ya wakazi wa mabondeni kwenda Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kuzibua mtaro kutakupunguzia maji ya mvua za kawaida. Maji ya mto ni habari nyingine.

Kuhusu serikali ya mtaa, swali lako ni zito kuliko ulivyolidhania. Katiba, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo, wakati halmashauri ya kijiji ni chombo chenye hadhi yake kisheria, kinachoweza kushtaki na kushtakiwa, mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Mwenyekiti mnayemchagua kila baada ya miaka mitano hana fungu la kuzibua hata karavati moja. Alicho nacho ni kikao na muhuri, na mimi nisingevidharau.

Itakeni ofisi ya mtaa iitishe mkutano wa wakazi, mtaro uwe ajenda, na uamuzi uandikwe katika muhtasari ukitaja mtaro unapoanzia, unapoishia na mahali ulipoziba. Muhtasari huo upelekwe kwa mtendaji wa kata, ambaye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwa diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wake. Barua mbili ziandikwe siku hiyohiyo, moja kwa mkurugenzi wa halmashauri kuhusu taka na nyingine kwa meneja wa TARURA wa wilaya kuhusu mtaro, kila moja ikieleza kwamba nyingine imeandikwa, ili asiwepo wa kumsukumia mwenzake. Zipelekeni masjala, nanyi mbaki na nakala zilizogongwa muhuri wa tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio hujadiliwa miezi mingi kabla. Barua iliyofika Aprili, maji yakiwa sebuleni, imechelewa kuingia katika bajeti.

SWALI: Kwa nini tusiende moja kwa moja kwa Meya wa Dar es Salaam nzima?
Msomaji, Temeke

JIBU: Kwa sababu hayupo. Jiji hili limepanguliwa zaidi ya mara moja: mwaka 1996 halmashauri yake ilivunjwa na nafasi yake kushikwa na Tume ya Jiji, kisha mwaka 2000 zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya Halmashauri ya Jiji iliyosimamia mambo yanayovuka mipaka, likiwamo dampo la Pugu Kinyamwezi. Februari 2021 Halmashauri hiyo nayo ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo meya anayeitwa wa Jiji ni wa iliyokuwa Ilala. Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni kila moja ina wake. Mto unaopita katika halmashauri zaidi ya moja unabaki bila baraza moja la kuchaguliwa linaloweza kuujadili wote, nami naona hilo ni pengo. Anayeweza kuwakalisha wakurugenzi wote meza moja ni mkuu wa mkoa, ambaye huteuliwa na Rais, basi nakala ya tatu ya barua iende ofisini kwake.