LanCache imewaka lakini folda ya kashe haijai: anza na DNS

Mkuu, umesema LanCache (programu inayohifadhi gemu zilizoshushwa kwenye folda ya kashe ili kompyuta nyingine zizichukue hapo hapo bila intaneti) iko hewani kwenye mashine pepe ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe), kontena zote (vifurushi vinavyoendesha sehemu zake) ziko hai, ila kompyuta 10 za gemu bado zinakula bando na folda ya kashe ina megabaiti chache tu. Usiongeze RAM kwanza, wala usiguse diski. Dalili hiyo karibu kila mara ni DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP.

LanCache haina uchawi. Kontena ya `lancache-dns` inaidanganya kompyuta kwamba Steam, duka la gemu, anakaa kwenye seva yako (ile mashine pepe); kontena ya `monolithic`, ambayo ndani yake ni nginx (programu ya seva ya wavuti), inapokea ombi kwenye poti 80, inakata faili vipande vya MB 1 na kuvihifadhi. Kompyuta ikiuliza DNS nyingine, seva haijui hata kama kuna mtu anashusha kitu.

Kaa kwenye kompyuta moja ya mteja, piga `ipconfig /flushdns` kufuta majibu ya zamani ya DNS, halafu `nslookup lancache.steamcontent.com`. Jibu liwe IP ya seva yako, tuseme 192.168.10.5. Likija jingine, fungua DHCP ya ruta, sehemu inayozigawia kompyuta IP na DNS. Wengi wanaweka seva kama DNS ya kwanza na 8.8.8.8 ya pili "kwa usalama". Ondoa hiyo ya pili: Windows haina ahadi ya kufuata foleni. Angalia pia IPv6, maana ruta nyingi zinajitangaza zenyewe kama DNS upande huo bila kukuuliza, na baadhi ya maombi yanapita mlango wa nyuma.

Kama kontena ya DNS inagoma kuwaka na inalia `address already in use` kwenye poti 53, hapo Ubuntu imeshaikalia kupitia systemd-resolved, huduma yake yenyewe ya DNS. Weka `DNSStubListener=no` kwenye `/etc/systemd/resolved.conf`, elekeza upya `/etc/resolv.conf` kwa `ln -sf /run/systemd/resolve/resolv.conf /etc/resolv.conf`, kisha washa upya huduma hiyo.

Kwenye faili la mipangilio ya LanCache, `.env`, `LANCACHE_IP` na `DNS_BIND_IP` ziwe IP ya mashine pepe yenyewe, na isibadilike. `UPSTREAM_DNS`, yaani DNS ambayo LanCache yenyewe inaiuliza, weka 1.1.1.1 au ya mtoa huduma wako. Ukiweka ruta, na ruta nayo inaiuliza LanCache, zitazungushana hadi kila kitu kikwame. Kwa diski ya GB 500 andika `CACHE_DISK_SIZE=460g`; usiache namba kubwa kuliko diski. `CACHE_INDEX_SIZE`, RAM ya faharasa ya kashe, kadiria 250m kwa kila TB 1.

Upande wa Proxmox: kadi ya mtandao iwe ya aina ya VirtIO kwenye `vmbr0` (daraja la mtandao la Proxmox), kashe iwe na diski yake peke yake, si ile ya mfumo. Kori 2 hadi 4 na RAM ya GB 4 zinatosha. (Wa VirtualBox: ukiona mashine ina 10.0.2.15, uko kwenye NAT, mtandao uliojificha nyuma ya kompyuta mama, na wateja hawataifikia. Badili iwe Bridged Adapter.)

Jaribu hivi. Fungua `tail -f` ya `access.log` ya LanCache uone mistari ikiingia, shusha gemu ndogo. Mistari itaanza na `[steam]` na utaona `MISS`, yaani kipande hakikuwepo kwenye kashe. Ishushe gemu hiyo hiyo kwenye kompyuta nyingine: sasa iwe `HIT`, yaani kimetoka kwenye kashe. Log ikikaa kimya kabisa, rudi kwenye DNS. `HIT` zinakuja lakini kasi ni ya konokono? Hapo ndipo diski inaingia: HDD moja ikisomwa na kompyuta 10 kwa mpigo, kichwa kinarukaruka na inazidiwa. SSD inamaliza hilo, ila hakikisha pia swichi ni ya gigabiti.

Usitegemee YouTube wala Netflix zihifadhiwe. Trafiki ya HTTPS (iliyosimbwa) inapitishwa tu ilivyo. Faida yako ni gemu na masasisho ya Windows: gemu ya GB 50 kwa laini ya Mbps 10 ni zaidi ya saa 11, na bila kashe unailipia mara 10.

Ikibaki shida, bandika hapa jibu la `nslookup` na mistari 20 ya log.