Lebo inawasha shingo, jiki inatoboa shati

Tangu nigusie lebo za nguo, simu haitulii. Wengi mnaniuliza nguo iliyokwisha kuharibika inarudishwaje. Nikiuliza lebo ilisemaje, jibu ni lile lile: "Ilikuwa inawasha shingoni, nikaikata." Haya.

*Koti la mtumba lina duara lenye P. Ndiyo pasi? (Shangani, Mtwara)*
Pasi imechorwa pasi, ndugu yangu. Duara linamhusu dobi anayesafisha kwa dawa bila maji, na P inamwambia dawa ipi. Wewe tazama mchoro wa beseni: ukipigwa X, koti usilitie maji.

*Beseni limeandikwa 40. Ni dakika? (Lindi mjini)*
Nyuzi za joto, na huo ndio mwisho wake. Ni maji ya vuguvugu, yamezidi kidogo tu joto la mwili wako.

*Gauni jeupe la hariri nimelitia jiki, limekuwa la njano. Nirudie? (Masasi)*
Usirudie, mama! Jiki ndiyo iliyolifanya hivyo. Hariri na sufu huliwa na klorini iliyomo kwenye jiki, na umanjano huo hautoki. Alama ya jiki kwenye lebo ni pembetatu. Ikiwa tupu, jiki ruksa. Ikiwa na mistari miwili ya mshazari ndani, tumia dawa ya kung'arisha ya oksijeni tu, si jiki. Ikipigwa X, usiweke chochote cha kung'arisha. Lakini kwetu msimu wa korosho ukifika, mtoto akirudi na doa la bibo kifuani, mkono wa mama uko kwenye chupa ya jiki kabla hajavua shati. Nimeliona shati la shule la namna hiyo: doa lipo, na pembeni yake tundu la kupitisha kidole.

Na nyie mnaokamulia ndimu kwenye beseni la jiki "ili ikolee", acheni leo hii. Inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Nepi zenye mkojo nazo zisuuzeni kwanza, jiki baadaye.

*Baibui langu jeusi limekuwa kahawia. (Mikindani)*
Ulilianika juani tangu asubuhi mpaka alasiri, sivyo? Mraba wenye mistari miwili ya mshazari kwenye kona unasema kivulini. Ule wenye duara ndani ni wa mashine ya kukaushia. Huna mashine, haukuhusu, na msiniulize tena.

*Nukta kwenye pasi? Mimi natumia ya mkaa. (Nachingwea)*
Moja ni nyuzi 110, mbili 150, tatu 200. Mkaa hauhesabu nukta, kwa hiyo jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, ukitanguliza kitambaa cha pamba juu. Na kung'uta majivu, dada. Vitundu vingi vya magauni ni cheche, mnasingizia mende.

*Kanga haina lebo. Niiloweke kwa chumvi ishike rangi? (Newala)*
Chumvi peleka jikoni. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe.