Maswali na Majibu: Nyaraka Zenu na Akili Unde

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo Kariobangi. Tumeskani karatasi za tangu 1978. Faili ni maelfu na zina nambari tupu, hazina majina. Akili unde inaweza kutupangia?

Inaweza, Katibu, na hapo inafaa sana. Programu husoma maandishi yaliyo ndani ya picha, kisha hupendekeza tarehe, aina ya waraka na majina yaliyotajwa. Usiiruhusu tu ibadilishe faili zenyewe. Ijaze jedwali kando, halafu mwanachama wa siku nyingi alipitie. Ni yeye anayejua kama Kamau wa 1981 na J. Kamau wa 1990 ni mtu mmoja.

Tukishaskani, tuchome makaratasi? Ofisi imejaa.

Tafadhali msichome. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aliskani ramani ya nyumba kwa mashine ya Xerox. Chumba cha mita za mraba 21.11 kikatoka kimeandikwa 14.13, eneo la chumba kingine. Programu ya kubana picha ilikuwa imeona tarakimu zinafanana, ikaweka moja mahali pa nyingine. Nakala ilikuwa safi, haina doa wala ukungu wa kumshtua msomaji.

Akili unde ina hatari hiyohiyo, tena zaidi: wino ukififia, hukisia na kuandika bila kusita. Hebu fikiria mkopo wa shilingi 6,000 usomeke 8,000 na daftari limeshakuwa majivu. Nani atamtetea mjane wa mwanachama huyo? Daftari za mikopo, kumbukumbu za mikutano na chochote chenye sahihi kihifadhiwe mahali pakavu. Picha za awali nazo zibaki bila kuguswa, nakala moja ikae nje ya ofisi.

Kijana wetu anapakia faili kwenye programu ya bure mtandaoni. Ni sawa?

Kama zina nambari za vitambulisho au madeni ya watu, mwambieni aache leo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawawajibisha ninyi, si kijana. Ziko programu za kusoma maandishi zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yenu bila intaneti.

Nilitafuta jina la babu, aliyefungwa wakati wa Hali ya Hatari, katika nyaraka za kidijitali. Mashine ikasema hayupo. Nikubali?

Usikubali upesi. Makarani wa kikoloni waliandika majina yetu walivyoyasikia. Njoroge anaweza kuwa Joroge. Isitoshe, kuna faili zilizosafirishwa Uingereza kabla ya uhuru wa 1963, zikafichwa hadi serikali yao ilipokiri 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Mashine hutafuta katika ilichopewa tu. Jaribu tahajia zote unazoweza kufikiria, jina la kijiji na la kambi pia. Kisha nenda Hifadhi ya Kitaifa, pale Moi Avenue, uombe orodha ya faili za wilaya yake uisome mwenyewe.